Neno la Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumatatu, 1 Julai 1974. Arua
"Mtu anayeimba, anayeigiza na anayetunga, moja kati ya hayo matatu ameliiba." Maneno ya Mwalimu Ezati, kwenye kikao cha kamati ya tamasha leo asubuhi. Wajumbe wakacheka. Nikamuuliza: wewe unafundisha hesabu, unahubiri Jumapili, unafuga nyuki, ipi umeiba? Akajibu, nyuki. Wakacheka tena. Hapo hata mimi.

Lakini hoja yake ni upuuzi. Jembe moja hulima, hupalilia na hufukia, na hakuna anayeliita mwizi. Sitina wa Koboko nimemfuatilia miaka sita. Huongoza ngoma za wanawake wa Kinubi harusini. Huigiza kwa Kiswahili. Hutunga kwa lugha tatu. Sina wa kumlinganisha naye wilaya hii, na vitabu nimesoma, na majukwaa nimeyaona.

Nafasi ni moja. Msanii mmoja au kikundi kimoja kitakwenda Kampala kurekodi redioni. Orodha inafungwa Ijumaa ya tarehe 12. Ezati anataka kwaya yake iende. Atapigana na mimi.

Alhamisi, 4 Julai
Mazoezi ukumbini. Sitina anacheza baba mkwe anayedai mahari na mama mzaa binti anayepinga. Wote wawili. Habadilishi nguo. Huhamisha tu kitambaa kutoka begani kwenda mkononi, na uzee wenyewe unahama. Baba mkwe alipokohoa, askari wa mlangoni, mtu asiyecheka wala asiyenuna, alisimama wima akavuta shati.

Kisha Sitina akasema ataimba wimbo aliotunga mwenyewe, wa kwanza maishani. Kwa Kilugbara. Wa kusagia nafaka. Jiwe limekula mtama, mtama umekula mikono.

Wimbo huo naujua. Umo kwenye daftari langu la nyimbo za kale nililolichapa kwa stensili mwaka 1969, ukurasa wa kumi na moja. Niliuchukua kwa bibi mmoja Omugo, huko Terego. Tofauti ni neno moja: mwishoni, baada ya "jiwe limenichosha, nipeni", Sitina anasema "moyo". Hata yule bibi alisema hivyo. Nililifuta nikaweka neno letu la Kilugbara lenye maana hiyo hiyo, kwa sababu wimbo wa kale hauwezi kuwa na Kiswahili cha askari.

Sikumuuliza kitu. Nilipiga makofi kama wengine. Ezati alikuwa safu ya mbele.

Ijumaa, 5 Julai
Ezati amelileta daftari langu kwenye kamati. Amelifunika kwa gazeti, kama kitabu cha dini. Alisoma ukurasa wa kumi na moja wote, taratibu, na utangulizi wangu: wimbo huu ni wa mababu wa Terego, hauna mtunzi.

"Hayo si yangu," akamwambia mwenyekiti, akinionyesha mimi. "Ni ya rafiki yako mpendwa, yule anayeandika sana. Tena Mnubi atatungaje wimbo wa Kilugbara? Hata kuiba kaiba vibaya. Neno la mwisho limemshinda."

Mwenyekiti ametupa wiki moja. Ikithibitika ameiba, anaondolewa, na jina lake litasomwa katika shule zote kama mfano.

Jumamosi, 6 Julai
Hasira. Kwanza kwa Ezati. Halafu kwake Sitina. Kwa nini aniaibishe mimi niliyemtetea miaka yote hii?

Jioni nikaona hasira hii ni ya mtu anayeogopa. Sijamuuliza hata swali moja, yeye wala bibi wa Omugo.

Jumanne, 9 Julai. Omugo
Nimekuja kwa baiskeli. Matope. Bibi Ayikoru bado yupo, bado anasaga. Nikamuuliza wimbo ule aliurithi kwa nani.

"Nirithi?" Akaniangalia kama mbuzi aliyeingia kanisani. "Nilifundishwa na mtoto."

Zamani alimuuguza dada yake hospitali ya Kuluva. Wenye wagonjwa walisaga nje ya wodi. Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na binti wa Kinubi wa Koboko, anangoja kupasuliwa tumbo. Wiki tatu akasikiliza mawe na mazungumzo yao, akajifunza Kilugbara, na siku aliyopasuliwa akawatungia wimbo kutoka kitandani. Waliondoka nao kila mtu kijijini kwake.

Nikasema: mbona hukuniambia?

"Uliniuliza? Uliandika tu. Kichwa chini, kama kuku anayekula."

Na lile neno, moyo, maana yake nini? Hajui. Ndivyo mtoto alivyoimba. Na yeye ameliacha kama alivyopewa. Hajui kusoma, hajawahi kushika kalamu, na ametunza wimbo kuliko mimi.

Jumatano, 10 Julai. Koboko
Nilipanda lori la chumvi. Nilifika mchana, koo limekauka. Mama yake Sitina alinikaribisha mkekani, akaita ndani kwa Kinubi: "Jibu moyo!"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Jibu" kwao ni leta. Leta moyo?

Sitina akatoka na bilauri ya maji.

Nilikaa nayo mkononi sijui kwa muda gani. Miaka ishirini naishi hatua mia kutoka kwa Wanubi wa Arua. Neno hilo nimelisikia kisimani kila asubuhi. Nilidhani ni Kiswahili chao kibovu.

Nikamweleza yote. Ukurasa, neno nililolifuta, na maana niliyoweka: jiwe limenichosha, nipeni moyo wa mpenzi wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu," akasema, "mimi ilikuwa na kiu tu. Wewe imenipa mchumba."

Baada ya kupasuliwa walimkataza maji mpaka kesho yake. Akiwa na miaka kumi na mbili. Nje wanawake wanasaga, jasho linawatoka, wanaitishana maji. Lugha yao ilikuwa haijakaa vizuri mdomoni mwake, ila wimbo mzima aliuweza. Neno moja tu lilimtoka kwa lugha ya nyumbani. Mtu huomba maji kwa lugha ya mama yake.

Hapo ndipo alipotia sahihi. Nami nikaifuta.

Mama yake akasema ninywe, yanapata joto. Nikanywa.

Ijumaa, 12 Julai. Arua
Nimesimama mbele ya kamati. Nimesema ukurasa wa kumi na moja ni uongo na mwandishi wake ni mimi. Nimetaja Omugo, Kuluva, Koboko. Nimetaja bilauri. Mjumbe mmoja Mnubi, mzee wa kuuza nguo, alifunika uso kwa kofia, mabega yanacheka.

Ezati alilifunga daftari. Kisha: "Basi sikukosea. Nilisema kuna mwizi. Nilikosea jina tu."

Ni kweli. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono kumpigia Sitina kura. Hilo nitamheshimia, ingawa kwa nyuki bado nina shaka.

Jumapili, 18 Agosti
Mvua nyepesi. Nilisikiliza redio kwa yule mzee muuza nguo. Mtangazaji alitaja jina: wimbo na mtunzi, Sitina wa Koboko. Sauti yake ilitoka ndogo kwenye kisanduku kile, lakini mwishoni alisema moyo, na mke wa muuza nguo, bila kufikiri, akainuka kuchota.

Nimekata stensili ya tangazo moja. Nitalibandika sokoni Arua, Inde na Omugo. Nalinakili hapa, nisije nikalibadilisha.

Kwenu walimu mlionunua daftari langu, mnaowaimbisha watoto kwa makosa yangu. Fungueni ukurasa wa kumi na moja. Futeni neno la mwisho. Andikeni: moyo. Pembeni andikeni: maji. Futeni "hauna mtunzi", mwandike: Sitina wa Koboko. Fanyeni kwa wino.