Mke mwenza wangu wa Saint Paul

Mdogo wangu Eliza, hujambo huko Moshi? Anayeniandikia ni mjukuu wangu Amani, na nimemwambia asiruke neno hata likimchoma yeye.

Mume wangu huyu ameniletea mke mwenza! Jana, kwenye baridi ya kukata masikio, alinipeleka mjini Saint Paul, huku ng'ambo, kwa bibi mmoja Mmalesia anayeuza chapati laini za kuchovya kwenye mchuzi wa dengu. Wao huziita roti. Amani akamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Yule bibi akajibu kwa Kiswahili, "Marahaba, mume wangu." Neno langu mimi! Amani amemfundisha!

Nikaichana ile chapati nikitafuta kasoro. Sikuiona, nikazidi kukasirika. "Amani, mwambie wewe una mwenyewe!" Akamwambia huku anacheka. Bibi akaingia jikoni, akarudi na mishkaki ya kuku yenye mchuzi wa karanga, akaniwekea mimi kwanza, kama mke mkubwa. Nikala yote. Amani hakupata hata kijiti.

Ule ushibe, mdogo wangu, na uvae sweta. Mjukuu wetu Baraka, mume wangu aliyebaki huko, mwambie nimesema asizoee sahani za jirani.

Dada yako