Ngeleka na ngumi za mugeni wa Tenke

Mwamini, acha kila kitu usome! Nkambo Tshibola, bibi yetu, ametoka kutuambia namna kaka yake Ngeleka alipotezaka meno. Haikuwa mu mine, kule kwa kuchimba shaba! Batudanganyaka!

Ilikuwa ku mutaa wa Kapata, wakati Babeleji bangali banatawala. Club ya boxe, ya kupigana ngumi, ilimupa Ngeleka kazi ya kutafuta ba-membre, batu bapya ba kuingia mu club, kazi ya bila malipo. Mutu wake wa kwanza: Kabeya, mufanyakazi wa reli ya Tenke, mwili mukubwa, maneno hana. Ngeleka anajisifu mpaka basi!

Kumbe desturi ya pale: mwenye kuleta mugeni njo anapigana naye wa kwanza. Hakuna mutu alimuambiaka. Hakuna!

Ngumi ya kwanza, meno mbili inje. Ya pili, jicho likafunga. Damu ku kamba za ring, damu ku viatu, na Kabeya hasikie tena filimbi ya mwamuzi, anapiga tu sawa mutu anabomoa ukuta. Batu bakaruka, bakamushika shati. Shati ikapasuka.

Mwamini, mugongo. Mugongo wote fimbo! Fimbo za chef wake muzungu, mukubwa wake wa kazi ku reli, bidonda bingali bibichi.

Ngeleka, magoti chini, akatema damu: "Mumuachilie! Hizi ngumi haziko zangu, mi niko nazipokea tu mu fasi ya chef yake."

Kiisha akamunyooshea mukono. "Karibu ku club, ndugu."

Kabeya akalia mbele ya batu bote.

Namuuliza nkambo: na huyo Kabeya alienda wapi?

"Yeye njo nkambo yako mwanaume, bwana yangu," anasema. "Toka siku ile hakupigaka tena hata mbwa."