Kituo cha Mto Kilichopelekwa Baharini

Kakangu Idarus,

Salamu zikufikie huko Maskati. Mama hajambo, ila goti lamsumbua. Mdogo wetu Khairiya amejifungua mtoto wa kike.

Waniuliza habari za kazi. Imenitia kinyaa, kaka. Tuliketi kupanga vituo vya kupimia maji ya mito kaunti nzima. Nikaomba kimoja kiwekwe bara, kwenye kijito kilichomchukua ami yetu Abubakr wakati wa mafuriko yaliyopita. Mwenyekiti wa kamati akacheka.

"Huko hakuna ndia ya gari, Bi Ibtihal. Wageni watafikaje kwenye uzinduzi? Tutakiweka Mtangawanda, gatini."

"Pale ni bahari, Bwana. Hakuna mto."

"Maji ni maji."

Wenzangu wakapiga makofi, midomo imejaa sambusa. Nikatoka.

Mume wangu Kamaludin akachonga nguzo, nikaitia alama za kina cha maji, nyekundu ikiwa ya hatari, tukaisimika wenyewe pale kwenye kivuko cha kijito. Juzi mvua ilimwagika, maji yakafika alama nyekundu. Mjane wa Ami akawazuia watoto wa shule wasivuke. Wote wazima, alhamdulillahi.

Leo mwenyekiti amenipigia simu. Ataka kuja kupigwa picha kando ya nguzo, aseme ni mradi wake. Nikamkatia simu, kisha nikaenda kunawa mikono.

Ndimi nduguyo wa tumbo moja,
Ibtihal