Fomu Niliyoijaza Marshalltown

Jumatano, baada ya isha

Yule mama alinishukuru, na hilo ndilo linalonichoma.

Kazi yangu ni kukaa kwenye usukani wakati gari linajiendesha, ili nilidhibiti likikosea. Leo robot, kama waitavyo taa za barabarani hapa Marshalltown, ilikuwa nyekundu kwetu, mama akavuka na beseni la nyanya kichwani. Gari halikuiona taa wala halikumwona yeye. Mimi nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu.

Nilikanyaga breki zimebaki hatua mbili. Alianguka kwa hofu, nyanya zikatapakaa. Nikashuka mbio. "Samahani, mama!" Akanijibu kwa Kiswahili cha Bukavu, "Mungu akubariki, mwana wangu. Bila weye ningekufa."

Sikumsahihisha. Niliokota nyanya tu.

Ofisini nikajaza fomu kwamba nilifunga breki kwa tahadhari, wasije wakaangalia video ya kamera ya gari. Maana yake kosa la gari halitarekebishwa, na kesho litapita palepale.

Nimeshindwa kula. Nimempigia bosi sasa hivi, nikamwambia ukweli. Akasema, "Kesho gari halitoki. Na wewe hutaendesha tena."

Mke wangu anauliza kumetokea nini. Nitamweleza yote, ila sitasema kwamba ujumbe niliokuwa nausoma ulikuwa wake.