Maji ya Sabuni kwenye Breki za Nassur

Baba yangu,

Nimeolewa! Dua zako nimezisoma alfajiri, lakini habari hii haikai kifuani. Miezi mitatu sasa. Anaitwa Nassur, ni mrefu, akicheka mabega yote yanacheka, na siku alipoingia na sanduku lake katika nyumba uliyonijengea hapa Magoudjou nililipokea mwenyewe mlangoni. Wewe umelala kaburini Mutsamudu, kisiwa kingine, bahari iko kati yetu, kwa hiyo nakuandikia, tena kwa Kiswahili, lugha uliyorudi nayo kutoka Unguja ukanifundishia ufundi.

Siwezi kutulia. Nimeandika mistari hii, nimekwenda mlangoni, nimerudi. Nassur amepeleka abiria Ntsoudjini, mara ya kwanza tangu siku ile. Ngoja nikueleze siku ile.

Anaendesha pikapu ya abiria. Mwezi uliopita mafuta ya breki yalikwisha mjini. Meli ilichelewa, na kidogo kilichobaki mwenye duka alisema kimewekewa magari ya askari wa Kizungu wa kukodiwa, wale wanaomlinda rais. Madereva wenzake wakamwambia atie maji ya sabuni badala yake. Akatia. Akaja anacheka: "Zahara, pedeli ngumu kama jiwe!"

Baba, nilijua. Unakumbuka lile bomba la sindano ulilolitoa sindano yake? Nilikuwa na miaka tisa. Ulilijaza hewa, ukaniambia nizibe tundu kwa kidole nisukume. Kisukumio kikaingia, kisha kikanirudisha. Ukalijaza maji, nikasukuma mpaka machozi yakanitoka, hakikusogea. "Hewa inakubali kubanwa," ukasema, "maji hayakubali. Ndiyo maana mguu wa dereva unafika kwenye gurudumu." Halafu ukanionyesha birika jikoni, mvuke ukiinua kifuniko. "Maji yakichemka ndani ya breki yanageuka upepo. Na dereva anakanyaga upepo."

Nilijua, nikanyamaza. Siku tatu! Nilimwambia mara moja tu, kwa sauti ndogo, akanibusu kipaji cha uso: "Fundi wangu mzuri." Ningesema tena. Lakini nyumba ni yangu, Baba, na kwetu mume ndiye anayehama. Mama alinionya, "Mwanamume akiingia kwako, usimfanye ajione mgeni." Niliogopa majirani waseme binti wa fundi anamtawala mumewe chini ya paa la baba yake. Basi nikampikia wali wa nazi.

Siku ya nne tulipanda wote Ntsoudjini kumsalimia shangazi yake. Nilikaa mbele na dhahabu zangu zote, nimejaa furaha ya kijinga. Wakati wa kurudi, tukishuka ule mteremko mrefu, gari lilijaa watu na mikungu ya ndizi, naye alikanyaga breki kila kona. Nikasikia harufu ya kuungua. Kisha mguu wake ukazama mpaka chini. Akakanyaga tena. Na tena. Mama mmoja nyuma akapiga kelele, "We bwana harusi, unatupeleka wapi?" Nassur akaliingiza gari kwenye rundo la kokoto nyeusi kando ya barabara. Hakuna aliyekufa. Mimi nilichubuka mkono tu. Ingekuwa kona ya chini yake... Siandiki.

Akazima injini. "Uliniambia," akasema.

"Mara moja. Nilipaswa kupiga kelele."

Nilimwandikia rafiki yako, Fundi Hamadi wa Mirontsy, huko kisiwani kwako. Kopo la mafuta ya breki lilichukua wiki mbili kuvuka bahari, na wiki hizo vijana wa mtaa hawakutuacha: "Nassur, kumbe gari nalo limeoa Magoudjou, halitoki uani!" Lilipofika tukamwaga yale maji, tukasafisha mabomba. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, na hukuniambia kwamba ni tamu hivi! Yeye kwenye pedeli, mimi chini ya gari na spana. "Kanyaga!" "Nimekanyaga." "Shikilia!" "Nimeshikilia, mke wangu." Nafungua skrubu ya breki, mapovu yanatoka, nafunga. "Achia." Gurudumu baada ya gurudumu. Majirani walisimama kunitazama, uso wote grisi. Sikujali.

Leo asubuhi nilikanyaga pedeli mwenyewe mara tatu. Ilikuwa ngumu. Hata hivyo moyo haukubali. Nimepiga pasi shati moja mara mbili. Kila gari likipita nadhani ni lake.

Ngoja.

Amerudi, Baba! Mzima, ana vumbi, amenikuta nalia akauliza nani amefariki. Nikamuuliza breki. Amesema nzuri sana, ila kwenye ule mteremko pedeli ilishuka kidogo, kidogo tu, nisijali.

Nisijali! Kuna povu limebaki mahali. Nimemwambia hatoki kesho mpaka tulitoe, na nimesema kwa sauti ambayo mtaa mzima umeisikia. Amenitazama, kisha akavua viatu vyake vizuri.

Lala salama, Baba. Tutakuja Mutsamudu kukusomea Yasini, mimi na yeye, wote wawili wazima. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Sasa niache niende. Ameshakaa kwenye pedeli, ananiuliza aanze kukanyaga lini.

Binti yako,
Zahara