Begi la Baba Mwende la Kupanda Mlima

Majengo, Nairobi
Jumapili mchana

Kaka Mutwiri,

Sikuulizi hali yako, kwa sababu najua u mzima. Nimekuona kwenye picha umesimama kileleni, meno yote nje. Ninayemuulizia ni Mama. Magoti yake yanaendeleaje na baridi hii? Matone ya macho niliyomtumia bado yapo au yamekwisha na ananyamaza tu kama kawaida yake? Namuulizia pia wifi na watoto. Ukimaliza kuwafikishia hayo, tafuta mahali ukae peke yako, maana yanayofuata hutapenda kuyasoma ukiangaliwa.

Naandika kwa kuwa hushiki simu. Nimepiga siku nne. Siku ya kwanza iliita mpaka ikakatika yenyewe, siku zilizofuata ukawa unaizima. Sasa nimempa barua Kinyua, dereva wa lori la ndizi, na nimemwambia asimpe mtu mwingine ila wewe, mkononi.

Ujumbe wako kuhusu wale akina mama wa kanisa la mtaa wa Tena niliupata. Wako kumi na wawili, wanataka kupanda mlima siku tano, na wewe ndiye utakayewaongoza. Umewaandikia orodha ya vitu vya kubeba, ukawaambia, "Nendeni kwa dada yangu Gikomba, atawavisha." Orodha nimeiona. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, soksi za sufu jozi tatu, nguo za ndani za joto, jaketi la mvua, mfuko wa kulalia, glavu jozi mbili, kofia ya boshori, tochi ya kichwani na betri za akiba. Orodha nzuri, siwezi kuikosoa. Halafu chini kabisa umeandika: "Wapagazi watajitegemea."

Mutwiri, ulikuwa unaandika hayo ukiwa na akili zako?

Mimi sikuzaliwa nikijua begi la mlima linapangwaje. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulikuja hapa Gikomba nikiwa nauza nguo za watoto ambazo kila mtu anauza, ukaniambia, "Karimi, belo la mitumba likifunguliwa, weka kando vitu vya baridi. Watu wa mlima watakutafuta." Ukanionyesha jinsi ya kumimina maji ndani ya mkono wa jaketi kuona kama linavuja. Ukanionyesha jinsi ya kupinda soli kusikia kama gundi imekufa, na jinsi ya kuinua mfuko wa kulalia mbele ya mwanga kuona kama manyoya yamejikusanya upande mmoja. Leo watu wanatoka mbali kuja kwenye kibanda changu. Sijasahau ni nani aliyenifungulia njia hiyo. Ndiyo maana nina hasira namna hii. Ungekuwa mtu baki ningetema mate nikaendelea na kazi yangu.

Ulipompigia mume wangu, Baba Mwende, simu, ukamwambia kazi yake ya uchongaji ikiwa imelala aje akubebee mizigo siku tano, yeye hakutaka. Alisema, "Mimi ni mtu wa Machakos, theluji naijua kwenye kalenda tu." Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia, "Utakuwa na kaka yangu. Kaka yangu atakuangalia." Maneno hayo niliyatamka kwa mdomo wangu, na kila nikiona mkono wa mume wangu nayasikia tena.

Begi lake nililipanga siku mbili. Nilichambua mali ya kwanza kabisa, ile ambayo huwa siitundiki nje kwa sababu wateja wanaijua na huja kuiulizia wenyewe. Nilipaka viatu mafuta mara tatu. Nilitandika mfuko wa nailoni ndani ya begi, kila kitu kikae kikavu hata mvua ikipita. Jaketi la buluu lilikuwa na tundu kwenye kiwiko, nikaenda Kariokor, nikaomba kipande cha ngozi nyekundu, nikalishona mwenyewe. Glavu niliweka jozi mbili, nyepesi ndani na nzito za kuvaa juu yake. Nilimwambia, "Baba Mwende, mikono yako ndiyo shamba letu. Hizi usizivue."

Akarudi siku ya nne, siyo ya tano. Mikono ameifunga ndani ya soksi. Nilipoifungua, vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vilikuwa vyeusi juu kama vimechovywa kwenye lami. Hospitali walisubiri, mwishowe wakavikata kwenye kiungo cha kwanza. Nilimuuliza, "Glavu zilikuwa wapi?" Akaniambia begi liliteleza wakivuka mto, likachukuliwa na maji. Nikaamini. Unajua nilifanya nini? Nilikuonea huruma wewe! Nilisema maskini kaka yangu, atakuwa anajilaumu. Nikapanga begi la pili, nikalituma kwako ili mtu mwingine asije akaumia. Wewe ukalipokea, ukanijibu, "Asante sana, Mungu akubariki."

Jumanne wiki hii akaja kijana mmoja kibandani, mteja, simu mkononi. Akasema, "Sasa mathe, uko na jaketi kama hii?" Nikaitazama ile picha kwa ajili ya kazi tu, nione ni aina gani. Jaketi la buluu. Kiwiko kina kiraka chekundu. Na ndani ya jaketi hilo uko wewe, kileleni, na zile glavu nzito umezivaa, umenyoosha dole gumba.

Nilimwambia kijana sina. Nikafunga kibanda saa tano asubuhi, siku ya belo jipya, nikaenda nyumbani.

Baba Mwende alikuwa anamenya viazi kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza, "Ni mto gani uliochukua begi?"

Akanitazama. Akaweka kisu chini. "Umeambiwa na nani?"

"Ni mto gani, Mutua?" Mimi huwa simwiti kwa jina.

Ndipo akaniambia yote, pole pole, akikutetea kila hatua. Kwamba kuna mgeni ambaye mizigo yake haikufika na ndege. Kwamba pale kwenye geti la kuingilia mlimani ulimpa mgeni huyo jaketi lako na mfuko wa kulalia wa Baba Mwende, kisha ukavaa jaketi la Baba Mwende na glavu zake, jozi zote mbili. Ukamwambia, "Shemeji, wewe ni mwanamume. Hii baridi ni ya siku mbili tu, na mtu akibeba mzigo hupata joto." Akalala kwenye magunia, chini ya turubai la jikoni, amebanwa kati ya wapagazi wawili. Siku ya tatu mvua ya mawe ikaanza asubuhi na haikuacha. Alikuwa amebeba mtungi wa gesi, kamba imelowa, ameishika kwa mikono mitupu. Walipofika kambini hakuweza kuiachia. Mpishi alimfungua kidole kimoja kimoja.

Na alikuomba. Hili alilisema mwisho kabisa, ameinamisha kichwa kama yeye ndiye mwenye makosa. Alikwambia, "Shemeji, nisaidie glavu hata kwa saa moja." Wewe ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Ukamjibu, "Nikikupa, kesho nitamshikaje mgeni mkono? Tia mikono kwapani, itapita."

Haikupita, Mutwiri. Asubuhi ukamteremsha na mpagazi mmoja, ukamwambia asimulie habari ya mto ili "tusigombane bure nyumbani." Na yeye, kwa upole wake, akaubeba huo uongo wako mpaka Majengo, akaishi nao ndani ya chumba kimoja na mimi.

Mgeni simlaumu, hakujua vitu ni vya nani. Tena kama ungemvua mume wangu ukabaki wewe mwenyewe unatetemeka, labda ningetafuta namna ya kukuelewa. Lakini wewe ulivaa.

Sasa sikiliza kuhusu akina mama wa Tena.

Walikuja jana, wote pamoja, wanacheka, orodha yako wameichapisha kabisa. Kiongozi wao ni Mama Wanjiru, karani mstaafu, mtu wa kusoma kila kitu mpaka nukta ya mwisho. Nilimvalisha buti, akatembea mle kibandani huku na huku, kisha akavaa miwani akasoma tena ile karatasi. Akaniuliza, "Hawa wapagazi watajitegemea kwa nini? Wana vitu vyao?"

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Ni jina la nyumba yetu. Lakini Baba Mwende alikuwa ameketi pale nyuma, anajaribu kurekebisha zipu, na alipolisikia swali akauficha mkono chini ya nguo. Nilipoona anauficha, nikashindwa. Nikawaambia. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza, na sikuficha kwamba huyo kiongozi ni kaka yangu.

Mmoja wao alianza kuvua buti alizojaribu. Mama Wanjiru akasema, "Kwa hiyo sisi twende tukaimbe sifa kule juu, na aliyetubebea sufuria anaganda nyuma yetu?"

Walitaka kukuacha na kutafuta mtu mwingine papo hapo. Mimi ndiye niliyewazuia, na usifikiri ni kwa sababu nakuhurumia. Nataka uende. Nataka uende nikiwepo.

Mpango ni huu. Nitakuja nao. Wapagazi saba nimewatengea vitu kutoka kwenye mali yangu, kila mmoja furushi lake, kuanzia boshori mpaka soksi. Nitawakabidhi mimi, na watanirudishia mimi tukishuka. Kitu chochote hakitapita mkononi mwako. Pale getini, kabla mtu hajainua mzigo, tutatandika turubai na kila begi litafunguliwa, la mpagazi kwanza, la mgeni baadaye, na lako la mwisho. Akina mama watahesabu. Asiyekuwa na glavu hapandi. Ukiona umedhalilishwa, mpigie Mama Wanjiru kabla ya Alhamisi, namba yake unayo. Atamchukua mama mmoja anayeongoza watu kutokea Naro Moru, wameshaongea. Ukinyamaza kama unavyoninyamazia mimi, watahesabu kwamba umekubali.

Mama usimwambie yaliyotokea. Nitamwambia mwenyewe nikifika, nimekaa naye karibu, maana najua atalia, na wewe hujui kumnyamazisha. Na usimtume wifi anipigie simu ya kuniomba nisamehe. Yeye sina neno naye. Umwombe msamaha aliyekatwa vidole, na uje uso kwa uso, si kwa ujumbe wenye Mungu akubariki.

Msalimie wifi, mwambie ile sweta ya mtoto wa mwisho nimeipata. Msalimie shangazi yetu wa kule juu, na mchungaji aliyetufungisha ndoa. Mwende anamsalimu nyanya yake. Amefaulu vizuri shuleni na anataka kumwandikia mwenyewe.

Baba Mwende ameketi hapa mlangoni. Wiki hii amejaribu kuchonga kwa mkono wa kushoto. Amechonga mwiko, umepinda kama ndizi, akautupa, akachukua kipande kingine cha mti. Ameniuliza namwandikia nani nikamwambia. Akasema, "Mwambie shemeji namsalimu." Nimemuuliza mara mbili kama ana hakika. Anasema ana hakika.

Basi, anakusalimu. Salamu hizo ni zake. Mimi zangu bado ninazo.

Dada yako wa tumbo moja,
Karimi