Kifungo cha Nje cha Akiru

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Akiru amefika saa moja, mtoto mgongoni. Amefagia uwanja wa zahanati, amejaza mapipa maji. Nimetia sahihi kwenye daftari lake la mahudhurio. Wiki ya pili hii. Alikamatwa akipika chang'aa, pombe haramu, hapa Kakuma. Zamani angekwenda moja kwa moja jela ya Lodwar. Sasa kuna sheria mpya ya kifungo cha nje. Miezi mitatu ya kazi, analala kwake. Mimi ni muuguzi tu, ingawa wote huniita daktari, na nimefanywa msimamizi wake. Sikuulizwa. Sipendi. Ila mlinzi wetu, jirani yake, anasema hajapika pombe tena.

Ijumaa, 10 Septemba
Siku ya chanjo. Akina mama hadi nje ya ua, barafu ya chanjo inayeyuka. Akiru akanijia katikati ya kazi, anaongea haraka, nusu Kiturkana. Nilisikia "Kalobeyei", nikasikia "ndugu". Sindano mkononi. Nikamwambia, "Nenda, nenda!" Akaenda. Nimechoka.

Jumanne, 14 Septemba
Jana Akiru hakuja. Leo hakuja. Nimeandika "hakufika" mara mbili. Ananiona mjinga.

Alhamisi, 16 Septemba
Siku ya nne. Afisa wa probesheni, anayefuatilia vifungo vya nje, alipita, nikampa daftari. Akauliza kama nimeulizia nyumbani kwa Akiru. Nikasema hiyo si kazi yangu.

Ijumaa, 17 Septemba
Akiru amerudi. Alianza kufagia kama kawaida. Saa nne askari wakamchukua.

Jumatano, 22 Septemba
Lodwar, mahakamani. Nimeitwa shahidi. Kumbe kaka yake alipigwa risasi na wezi wa mifugo upande wa Kalobeyei. Alikwenda kumuuguza, akamzika. Akamwambia hakimu, "Mimi aliuliza daktari. Daktari akasema nenda."

Hakimu akanigeukia. "Ulimpa ruhusa?"

"Hapana, mheshimiwa."

Ruhusa sikumpa. Lakini neno nililisema, na nililikumbuka palepale kizimbani. Nikanyamaza. Niliogopa kuonekana mzembe mbele za watu. Akiru amepewa miezi miwili jela. Mtoto amekwenda naye.

Jumapili, 26 Septemba
Sikwenda kanisani. Nimemwandikia afisa barua, nikaichana. Nimeandika nyingine. Iko kwenye droo. Mimi ni mwoga.

Jumatatu, 11 Oktoba
Afisa amekuja. Nimemwambia kwa mdomo, yote. Akayaandika. Atajaribu kurudisha faili kwa hakimu, lakini hakimu yuko likizo. "Ungesema siku ile, daktari. Yule mama alikuwa ameshaacha pombe." Zahanati yetu haitaletewa mtu mwingine wa kifungo cha nje. Ndivyo nilivyotaka. Sina furaha.

Ijumaa, 3 Desemba
Faili halikusogea. Akiru alimaliza miezi yake yote, na leo alikuwa kwenye foleni ya chanjo. Mtoto amekonda. Kadi yake ya chanjo haina kitu Oktoba wala Novemba. Nguo za mama zinanuka chang'aa. Mlinzi alishaniambia amerudia kupika, na wateja walimrudia wiki ileile aliyotoka jela. Nilimdunga mtoto. Nikasema polepole, "Akiru, kweli nilikuambia nenda. Nilimficha hakimu ukweli."

"Najua," akasema. "Mtoto arudi lini?"

Baada ya wiki nne. Nikaandika tarehe kwenye kadi, nikamsomea mara mbili. Akamchukua mtoto wake, akatoka. Nikamwita anayefuata.